Inalia Papa Akiachia Mguu

Mafuta ya pon yakizeeka yananuka vibaya, tusidanganyane. Pon ni lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, ambamo meno ya gia husagana siku nzima; wengine huita difu, sisi wa Bujumbura tumeshika jina la Kifaransa na hatuliachii. Juzi nilikuwa gereji huko Zone Industrielle, eneo la viwanda, nangoja gari ya kazini, na fundi wa jirani akafungua nati ya chini ya pikapu ya mtu. Yakatoka mafuta meusi, mazito, na ile harufu: yai viza limekaangwa na kitunguu. Wateja wote wakaziba pua. Mimi nikasogea. Nikavuta pumzi mpaka fundi akaniuliza, "Mama, uko muzima?" Nikamwambia niko mzima, namkumbuka baba yangu tu. Akaniangalia kwa huruma. Nadhani alifikiri mzee alifia chini ya gari.

Wapi! Papa alifia kitandani kwake Kinama, mzee kabisa, bado anagombana na redio. Pikapu yake ilitangulia miaka mingi kabla yake, na sisi watoto tuliililia kuliko tulivyolilia baadhi ya shangazi. Ilikuwa nyeupe, au tuseme iliwahi kuwa nyeupe. Siku za kazi ilibeba sabuni, sukari na unga kutoka bohari za karibu na bandari kupeleka kwa wenye maduka ya mitaa ya kaskazini. Jumapili Papa aliipiga maji, akatandika mkeka nyuma, na ikageuka kuwa gari ya kwaya. Maana baba yangu, dereva wa sabuni kuanzia Jumatatu, siku ya Bwana alikuwa Mwalimu. Kila mtu alimwita hivyo, Mwalimu, hata padri.

Ninyi mliokua kwenye kwaya za zamani mtanielewa. Papa alikuwa mtu mpole, mtu wa kuomba radhi hata kwa kuku aliyemkanyaga, lakini akisimama mbele ya kwaya alibadilika. Alifundisha sauti moja moja kwa kinywa chake mwenyewe, bila kinanda, bila karatasi. Sauti ya kwanza akiwaimbia wanawake alikaza koo mpaka mishipa inamtoka, halafu anageukia wanaume, anashuka mpaka chini kabisa. Mtu akikosea kidogo tu, anainua kidole. Hasemi kitu. Anakiacha kile kidole hewani mpaka aliyekosea ajijue. Watu wazima, wenye wajukuu, walikiogopa kidole hicho.

Mimi nilikuwa kitinda mimba, kwa hiyo sikukaa nyuma na kwaya. Kiti changu kilikuwa mbele, katikati, kati ya Papa na Mama, ambaye naye aliimba sauti ya kwanza, rungu la gia likinigonga magoti. Kutoka pale nilikuwa siuoni mji vizuri, nilikuwa mfupi. Nilichoona ni miguu ya Papa kwenye pedali. Niliijua miguu ile kuliko uso wake: wa kushoto mvivu, wa kulia mpole, unakanyaga na kuachia kama unapapasa paka.

Sauti ilianza msimu wa mvua. Ilikuwa nyembamba, wiiiii, mfano wa mbu aliyekwama sikioni. Inakuja, inakaa, inapotea. Wa kwanza kusema alikuwa Mama Kezia, mwimbaji mkongwe wa sauti ya kwanza, mwanamke wa Uvira mwenye mwili wake na mdomo wake. Aligonga kioo cha nyuma kwa pete.

"Mwalimu! Gari yako iko inalia!"

"Inalia nini?"

"Si inalia! Wiiii!"

"Mi sisikii kitu," Papa akasema, akaendelea kuendesha.

Nami kwa akili zangu nikaona sababu iko wazi: gari inalia kwa uzito wa Mama Kezia, na Papa kwa adabu yake hataki kumwambia. Nilijivunia sana baba yangu siku ile. Mtu wa heshima namna gani!

Lakini Jumatatu, gari ikiwa tupu, sauti ilikuja vilevile. Mama naye akaisikia. Wenye maduka wakaisikia. Mpaka watoto wa mtaa wetu wakaanza kuiga, pikapu ikikata kona wanapiga wiiii na kukimbia. Na kila aliyemwambia Papa alipata jibu moja. "Mi sisikii kitu. Gari iko muzima." Alisema bila hasira, akitabasamu kidogo, kama mtu anayetaniwa na anayekubali utani.

Basi nikabadilisha maelezo yangu. Nyanya yangu kule kilimani alikuwa na mbuzi, na mnunuzi akija na kusema mbuzi huyu anakohoa, nyanya alijibu hakohoi, huku mbuzi anakohoa mbele yao. Nikasema ndivyo. Papa anaitetea gari yake. Anaogopa wakisema ni mgonjwa, itachukuliwa. Na mimi ni wa nani kama si wa Papa? Tangu siku ile, mtu akiniuliza, nami nilikaza shingo: "Hata mi sisikii kitu." Mama alinitazama jicho la pembeni, lakini Papa aliniwekea mkono kichwani. Kwa mkono ule ningekana hata ngurumo ya radi.

Sasa, hali ingeweza kuendelea hivyo mpaka gari ife barabarani, ila ukaja mwaliko. Parokia moja ya juu, barabara ya Bugarama, ilikuwa na sherehe ya mapadri wapya, na kwaya yetu ikaombwa iimbe misa. Ilikuwa heshima kubwa. Papa alitunga wimbo mpya kwa ajili hiyo. Lakini barabara ile mnaijua: inapanda kutoka mjini kona juu ya kona, ukungu umekaa njiani, na vijana wa baiskeli wanateremka na ndizi bila breki, Mungu tu ndiye anajua. Mama akaweka sahani ya maharage mezani na kusema, "Kwa gari inayolia vile, mi sipandi. Na watu wa watu sitakuacha uwapandishe."

Papa akatupa mikono juu. "Haya! Twende kwa fundi, awaambie mwenyewe!"

Fundi wetu aliitwa Bosko, mtu wa maneno mengi, aliyejisifu kwamba hakuna gari iliyomshinda, ila zile zilizomshinda kwa sababu ya mwenye gari. Alikuwa na utaratibu wake. Hakutaka mtu amweleze ubovu. "Usiniambie ni nini," alikuwa akisema, "iga." Lazima uige sauti kwa mdomo, mbele ya watu, hata uwe mkubwa wa nani. Nimeona pale gereji wazee wenye suti wakilia kama mbuzi.

Kwa hiyo Mama akaiga: wiiii. Mama Kezia, ambaye alikuja bila kualikwa, akaiga kwa sauti yake ya kanisani, ndefu, nzuri, mpaka mafundi wengine wakaacha nyundo. Waimbaji wawili aliokuja nao wakampokea, yule wa juu, yule wa chini kidogo, na ikawa karibu wimbo. Papa alisimama kando anawatazama, anatingisha kichwa na kucheka.

"Bon," Bosko akasema, "nimesikia. Sasa swali moja. Inalia wakati wa kukanyaga mafuta, ao wakati wa kuachia?"

Mama hakujua, maana njiani yeye huangalia watu na nguo zao. Waliokaa nyuma wangejuaje?

"Dereva ndiye anajua," akasema Bosko. "Mwalimu?"

"Mi sisikii kitu."

"Na we, mutoto?"

Mimi nilijua. Nilikuwa nikiona ule mguu kila siku: ukikanyaga, kimya, ukiachia tu, mbu anaingia. Nikamtazama Papa. "Hata mi," nikasema.

Basi Bosko akabaki kubahatisha, na Bosko akibahatisha habahatishi kidogo. Kwanza akasema ni beringi ya gurudumu la nyuma. Akaibadilisha. Tukatoka pale, hatujafika hata kwenye kiwanda cha bia, wiiii. Tukarudi. Akasema ah, basi ni kile kiungo cha shafti, chuma chenye umbo la msalaba kinachounganisha shafti na pon, kikikauka hulia. Akakibadilisha hicho. Wiiii. Mama Kezia akamwuliza kama anataka kubadilisha na usukani. Bosko akakasirika, akasema mgonjwa asiyesema anaumwa wapi hatibiki, na kama hakuna wa kumwambia mguu ulikuwa wapi, gari ile isipande kilima. "Kama ni pon, na ikashika mukiwa kwenye kona, magurudumu yanafunga. Mumesikia? Yanafunga. Na watu wako nyuma."

Nilimwona Papa akiwatazama mmoja mmoja, Mama, Bosko, Mama Kezia, na lile tabasamu la kutaniwa halikuwapo tena. Akachukua ufunguo. "Mutoto, panda," akaniambia. "Sisi wawili tu."

Tukashika barabara tambarare ya kwenda uwanja wa ndege. Ilikuwa mchana, jua kali, vioo viko chini. Papa akafunga vioo vyote, joto likatukalia. Akaendesha mpaka tukapita nyumba za mwisho.

"Nikuulize kitu," akasema. "Leo sikuulizi kama mutoto. Nakuuliza kama mutu mukubwa. Hii gari inalia?"

Nikaangalia miguu yake. Mguu wa kulia ulikuwa umeikandamiza pedali, haupapasi paka tena. Sikuwahi kuuona hivyo. Ndipo nikainua macho nikamtazama usoni, na nikaona hakuwa akiitetea gari. Alikuwa ananiuliza kwa sababu hajui. Jamani, niliogopa. Mtoto anajua baba yake anajua kila kitu, na siku ya kugundua kuna kitu hajui, dunia inakuwa kubwa ghafla na wewe mdogo zaidi.

"Inalia, Papa."

"Sasa hivi?"

"Apana. Sasa umekanyaga. Achia."

Akaachia. Wiiii.

"Sasa?"

"Sasa inalia. Kanyaga. Imeacha. Achia. Inalia."

Akafanya hivyo mara nyingi, anakanyaga, anaachia, macho yake yakiruka kutoka barabarani kuja usoni kwangu, na mimi natikisa kichwa ndiyo, hapana, ndiyo. Mwisho akasimamisha gari pembeni.

"Niigie."

Nikaiga. Nilikuwa na kakoo kembamba, na nikaipata sawasawa, ileile, juu kabisa. Papa aliniinamia. Nikaona anaangalia mdomo wangu. Nikaimba tena kwa nguvu, na bado anaangalia mdomo, anangoja, kama mtu aliye stendi na basi limeshapita.

"Shusha," akasema taratibu. "Sauti ileile, lakini ya chini. Kama wanaume wanavyoimba ya wanawake."

Nikashuka. Nikaiimba chini, koo likikwaruza.

Uso wake ukafunguka. "Ah! Noti ya la," akasema. "Ni la." Akalirudia yeye mwenyewe, akapanda ngazi ya noti polepole kwa sauti yake, anapanda, anapanda, mpaka mahali fulani akaendelea kufungua mdomo huku kichwa chake kikiuliza kama bado anaimba. Nilikuwa namsikia mimi. Yeye hakujisikia. Akafunga mdomo.

Malori yalipita, pikapu ikayumba. Papa akafuta usukani kwa mkono wa shati ingawa haukuwa na vumbi.

"Mwalimu wa kwaya asiyesikia," akasema, "huyo ni nini?"

Nikafikiri kwa bidii, maana nilikuwa nimeambiwa leo mimi ni mtu mkubwa. "Ni dereva," nikajibu.

Papa akacheka. Alicheka mpaka akaegemeza paji la uso kwenye honi na ikapiga, na bado akacheka, na alipoinua kichwa mashavu yalikuwa yamelowa. Kisha akaniambia lile neno nililolibeba wiki nzima kama mtungi uliojaa. Kwamba ataifundisha kwaya wimbo wa sherehe, ataisimamia siku ile, halafu basi. Atamwachia mwingine. Na nisimwambie mtu, hata Mama, atasema mwenyewe.

Tulirudi gereji. "Inalia nikiachia mguu," Papa akamwambia Bosko. Bosko akapiga paja. "Si ungesema toka mwanzo, Mwalimu! Unanitesa hivi juu ya nini?" Akafungua pon, ikamwaga yale mafuta na harufu yake, na ndani ya mafuta vipande vidogo vya chuma vinang'aa. Beringi ya mbele ya pon, ile inayoshika gia ndogo, ilikuwa imelika mpaka inacheza kwa kidole. Gari ikisukumwa na injini, gia inakaa mahali pake; mguu ukiachia, inarudi nyuma na kulia. Bosko alieleza hayo yote kana kwamba aliyajua tangu asubuhi ya uumbaji. Akaweka beringi mpya, akapima meno kwa subira ambayo sikujua anayo, akajaza mafuta. Tukaenda kujaribu, Papa akiachia mguu kila baada ya hatua chache na kunitazama. Nikatikisa kichwa. Kimya. Hakuna mbu. Aliniamini mara moja, hakuniuliza tena, na hilo ndilo lililoniuma.

Wiki ile sikula vizuri. Mama alinipa dawa ya minyoo, bure. Nilikuwa naangalia mazoezi ya kwaya uani kwetu na kila wimbo ukiisha nahesabu umebaki upi. Papa alikuwa mkali kuliko siku zote. Kidole kilikuwa juu kila mara, ila niliona sasa kinainuka kwa wanaume tu. Kwa wanawake wa sauti ya kwanza hakikuinuka hata mara moja, na nilijua sababu, na nilidhani najua peke yangu.

Jumapili ikafika. Pikapu ilipanda barabara ya Bugarama bila neno, kona moja baada ya nyingine, kwaya ikiimba nyuma na ukungu ukiingia dirishani. Mama alikaa upande wake kwa amani, mkoba mapajani. Papa hakuimba. Nilimwekea mkono kwenye goti, njia nzima, hata pale alipohitaji kubadili gia nikakataa kuutoa.

Walitupa chumba nyuma ya kanisa ili kwaya ijiandae. Nje watu walikuwa wanajaa, ngoma zinajaribiwa. Papa akafunga mlango. Akasimama mbele yao katika shati lake jeupe, na mikono yake haikujua pa kukaa. Mimi nikajibanza kando ya mlango.

"Bandugu," akasema, "kabla hatujaingia. Kuna kitu. Ile gari ilikuwa inalia, na mi nikawabishia nyinyi wote. Sikuwa nabisha. Sikusikia. Na kama sikusikia ile, basi..." Akageukia upande wa wanawake. "Nyinyi wa juu, siwasikii. Toka siku nyingi. Nasikia wanaume, nasikia ngoma, lakini nyinyi mumeniondokea. Nilidhani munaimba polepole. Leo ni mara ya mwisho nasimama mbele yenu. Mutafute mwalimu mwenye masikio."

Nikaanza kulia kwa sauti, aibu gani. Hakuna aliyenigeukia. Walitazamana wao kwa wao, na kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyeshtuka. Mama aliinama akaangalia viatu vyake.

Mama Kezia ndiye aliyesogea mbele, kitambaa chake kikubwa kikimning'inia.

"Mwalimu, hilo tunajua."

"Munajua nini?"

"Tunajua. Toka kabla ya ile gari. Kuisema gari ilikuwa rahisi, basi tukaisema gari." Akavuta pumzi. "We unafikiri tunafungua midomo hivi, mpaka mainzi wanaingia, kwa kupenda? Ni ili uone. Kila neno tunalifungua ili ulione. Na tukipotea, bibi yako huyu hapa anatukanyaga vidole. Angalia viatu vyetu kama unabisha."

Papa akatazama chini. Wanawake wa sauti ya kwanza wote walikuwa na viatu vilivyopondeka mbele. Akamtazama Mama. Mama bado aliinamisha kichwa, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka.

"Wote munajua?" Papa akauliza.

"Wote," wakajibu, wanaume na wanawake.

"Na hamukuenda kwa kwaya ingine?"

"Yoo! Twende wapi?" akasema Mama Kezia. "Mutu gani atatuonesha kidole?"

Kengele ya misa ikalia nje. Papa alisimama, anafuta uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akajinyoosha, akawageukia wanawake, akawatazama midomo yao mmoja mmoja, taratibu, bila kujificha tena. Akainua mkono.

"Basi," akasema, "fungueni."